Siku kaka yangu alipojifunga kanga

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Hapa Nguvumali tunaendelea, alhamdulillahi. Bibi yako bado yumo edani, na mama yako humpikia uji kila asubuhi.

Umeuliza kama marehemu babu yako alikuwa shujaa kweli, maana vita vya Uganda hakuvisimulia. Hata mimi mdogo wake hakunisimulia, mimi baharia niliyeishia darasa la nne nikazunguka bandari zote hadi Bombei! Nitakwambia nililoliona.

Aliporudi, mtaa mzima ulimpokea kwa ngoma. Mama yako alikuwa mdogo, hajawahi kumwona baba yake. Alipoona lile gwanda na mabuti, alilia hadi sauti ikamkauka. Kaka akasimama mlangoni kama aliyefukuzwa kwake. Kisha akaingia ndani, akatoka amejifunga kanga ya mkewe mbele ya wazee, akaketi mkekani.

"Kaka, vaa suruali, watu wanakutazama!"

"Waache watazame. Mimi namtaka huyu anitazame."

Watu walicheka, na mimi wa kwanza. Akakaa vilevile mpaka pilau ikapoa. Mama yako akasogea, akashika ncha ya kanga, kisha akajilaza kifuani pake. Kaka akalia, na ngoma zikanyamaza zenyewe.

Katika bandari zote nilizopita, sijaona mwanamume mwingine wa kufanya vile. Mimi mwenyewe nisingethubutu.

Mwombee dua. Na mpigie mama yako simu leo. Usimuulize kitu, msikilize tu.

Babu yako mdogo,
Mbwana