Vioo Saba vya Mguu wa Kitanda

Jumatatu, 7 Aprili
Nimekereza bushi nne za lori la Fuso kabla ya saa nne. Umeme umekatika mara mbili. Mtaa wa Gerezani wote tope.

Mchana kaja Bi Zuwena, yule mama wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa Kariakoo. Kabeba kipande cha mti ndani ya khanga, kama kichanga. Mguu wa kitanda cha marehemu mama yake. Mchwa wamemaliza miguu mitatu na nusu ya huu. Anataka vioo vya mkobani, vya mviringo, vyenye kifuniko, kama hiki changu alichokiona nikijipaka poda dukani kwake. Saba. Wamezaliwa wanawake saba. Arobaini ya mama ni Alhamisi ya wiki ijayo, na nyumba imeshauzwa, inavunjwa ijengwe ghorofa. Wakitawanyika, kila mmoja aondoke na kipande cha kitanda.

Mama yao aliwasuka hapo wote. Yeye juu kitandani, mtoto chini sakafuni, mgongo kwenye mguu huu. Upande mmoja migongo imeulainisha kabisa. Nimepitisha kidole, mwili ukanisisimka. Msasa wangu haujawahi kulainisha kitu hivyo.

Nimekubali bila kufikiri. Miaka ishirini na mbili nakereza chuma, mbao nimeanza juzi tu. Kiherehere changu hiki.

Jumanne, 8 Aprili
Nimepasua. Nje mweusi kwa mafuta ya nywele na mikono ya watu. Ndani rangi ya asali. Na harufu! Mtiki uliokatwa kabla mama yangu hajazaliwa, unanukia kama umeangushwa jana. Nimezima mashine, nikasimama tu. Fundi wa jirani kauliza kama naumwa.

Nimepima mara tatu. Yanatoka maduara kumi na nne, ya vifuniko saba na vitako saba. La kumi na tano halipo.

Alhamisi, 10 Aprili
Siku mbili sijagusa chuma. Wateja wananuna, wanune.

Mbao kwenye mashine inatoa utepe mwembamba, unaviringika wenyewe mpaka kwenye kiganja. Kifuniko na kitako nimevitoa kwenye kipande kimoja, kwa hiyo ukifunga, mistari ya mti inakutana kama haikukatwa. Pini ndogo ya shaba pembeni, kifuniko kinazunguka. Vioo kanikatia bwana mmoja muuza vioo wa Kariakoo, mviringo safi. Nimevitia gundi, nikavikaza kama beringi ndani ya chuma. Hata unywele haupiti. Vernia, kipimo changu cha vyuma, inasema nafasi ni sifuri, na mimi nikajisifu.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimepeleka. Dukani kwake kiyoyozi kinapuliza mpaka unatamani sweta. Bi Zuwena kafungua kimoja. Hakujitazama. Kakinusa. Kisha kalia pale pale mbele ya wateja, kavipanga vyote saba kwenye kabati la kioo, akanishika mkono. Nimetembea hadi Gerezani sihisi mvua.

Jumatatu, 14 Aprili
Simu saa mbili asubuhi. Viwili vimepasuka. Havijaanguka, havijaguswa, vimepasuka vyenyewe humo kabatini. Mdogo wake mmoja keshasema marehemu hakuridhia kitanda chake kukatwa. Bi Zuwena kaniambia hayo kwa upole tu. Afadhali angenitukana.

Nimekimbia. Nimeshika cha tatu, kikalia tik, ufa ukapita katikati ya uso wangu.

Nikatoa vernia. Duara si duara tena. Limekuwa yai. Huku kwangu mbao ilikuwa imeshiba mvua, kule kiyoyozi kimeikausha, imesinyaa upande mmoja, imekibana kioo hadi kikafa. Na mimi ndiye niliyeikaza kama chuma. Chuma nikikipima leo, mwezi ujao kiko vile vile. Mti huu umelala chini ya godoro miaka yote hiyo, na bado unakunywa na kutema. Mjinga mimi. Lakini nilisimama pale na aibu yangu, na mshangao pia. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mti hata ukikatwa haufi.

Nimevirudisha vyote. Nimemwambia Alhamisi atavipata. Roho yangu haikuwa na uhakika.

Jumanne, 15 Aprili
Nimelainisha gundi kwa maji ya moto, nikatoa vioo, nikapanua kila kitako kidogo sana, nikaacha nafasi ya mti kupumua. Vitatu vilivyopasuka nimekatiwa vipya, na kila kioo sasa kimekaa juu ya nta laini. Kimoja, viwili, hadi sita.

Cha saba kimenipasukia mkononi. Ndani kulikuwa na njia ya mchwa ambayo sikuiona. Vipande vitatu. Nimekaa chini kwenye tope na aproni yangu.

Jumatano, 16 Aprili
Nimeenda kwa Mangi anayeuza mbao, nikanunua mtiki wa kawaida. Nimekereza, nimesugua mafuta na masizi kidogo. Nikavipanga saba mezani, nikageuka, nikavichanganya, nikatazama tena. Kwa macho sikukijua. Kwa pua tu.

Nani atajua? Vitaenda Tanga, Muskati, Mwanza. Nimeuchukia mkono wangu kwa uhodari wake.

Alhamisi, 17 Aprili
Nimefika kwao kabla watu wa hitma ya arobaini hawajajaa. Nimemvuta Bi Zuwena jikoni, nikamwonyesha cha saba, nikamwambia kila kitu. Njia ya mchwa, Mangi, masizi. Nilitegemea anitoe nje.

Kakifungua, kakinusa. Kisha kakichukua hicho hicho, akakitia mkobani mwake.

“Sote mama alitusuka, Mama Eliya, wale sita wakaolewa wakaondoka,” kasema. “Mimi nikabaki kumsuka yeye. Miaka tisa hainuki kitandani. Acha wao wapate mguu.”

Kavitoa vile sita kwenye sinia. Dada zake wamefungua, wamenusa, wamecheka, kisha wamelia, wote kwa pamoja. Hakuna aliyeuliza cha saba kiko wapi. Yeye alikuwa mlangoni anagawa sahani za pilau.

Nimekula, nimeshukuru, nimerudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Karakana sikuifungua leo.