Ute Wangu, Kiini Chao

Mama Zuhura, shikamoo.

Nakuita kama nilivyokuitaga siku zote, kwa jina la mwanao wa kumzaa. Barua hii inahusu mayai, basi usitegemee machozi. Mie unanijua, kulia sijui.

Baba alinileta kwako Mbagala nikiwa na miaka sita. Mama yangu, mke mwenzio, katangulia mbele ya haki. Miguu yangu imevimba, nywele zimegeuka rangi ya kutu. Ukanipeleka zahanati. Tangu siku hiyo, kila ulipopata mayai mawili uliyachemsha, ukayamenya, ukayapasua. Kiini kimoja kwa Zuhura, kimoja kwa Abuu. Mie ukanipa ute wote.

"Kula. Huo ndo unaojenga mwili."

Nilikula huku nawatazama wanao wanavyolamba njano vidoleni. Ute hauna ladha, hasa siku ambayo chumvi imekwisha. Kuna siku nilikuomba kiini, ukanijibu bila hata kugeuka, "Hicho si chako." Nikakaa na neno hilo miaka. Wanasema mama wa kambo si mama, nami nikaamini.

Baadaye nikaenda kusomea mapishi. Mwalimu akatufundisha kwamba protini ndiyo inayojenga mwili na kuponya vidonda, nayo ipo kwenye maharage, dagaa, nyama, maziwa, na kwenye yai lote, ute na kiini. Tena kiini kina mafuta na vitamini ambazo huzipati kwenye ute. Wenzangu wakaandika. Mie nikasema moyoni, ehee, ushahidi huu hapa. Kuanzia hapo nikawa nakuja kwako Idi kwa Idi tu, nakaa pembeni ya mkeka, naaga kabla chai haijapoa.

Siku hizi nauza keki Tabata. Ute naupiga mpaka unasimama, ndo unaoinua keki. Kiini napaka juu ya mikate ing'ae. Mayai mazima nachovyea katlesi zisimeguke kwenye mafuta. Kila nikitenga ute na kiini nilikuwa nakukumbuka, na si kwa wema.

Siku ya arobaini yako tulikuwa uani na Zuhura tunamenya vitunguu. Ghafla akacheka.

"Dada, unajua tulivyokuwa tunakuonea gere? Mayai mawili, we umejaziwa sahani, sie kijidonge kimoja kimoja!"

"Nyie si mlikuwa mnakula kiini?"

"Tulipewa kisitupwe! Nesi alimwambia mama, ute ni protini tupu, na huyu mtoto akikosa protini atakufa. Nilikuwepo, kanishika mkono. Mama wa watu kusoma hajui, basi kutoka zahanati mpaka nyumbani anatembea anarudia, ute, protini, ute, protini, asije akasahau."

Niliinamia bakuli muda mrefu. Zuhura aliponitazama, nikavisingizia vitunguu.

Nesi hakukosea, Mama Zuhura. Ute kweli karibu wote ni protini. Wewe ndo uliondoka na nusu ya habari. Yai zima lingenifaa zaidi, na wanao nao wangepata haki yao. Ulikosea. Ila ulikosea kwa kuwapunja wa tumboni mwako ili mtoto wa mke mwenzio asife, na mie nikakununia kwa kosa hilohilo mpaka umeingia kaburini. Hilo linaniuma, na sina pa kulipeleka isipokuwa kwenye karatasi hii.

Jana nilichemsha mayai mawili. La kwanza nikampa mwanangu zima, ute na kiini chake. La pili nikalipasua, kiini nikakiacha kwenye sahani, nikala ute peke yake, bila chumvi, polepole, mpaka ukaisha.

Nimeshiba, Mama.

Mwanao mkubwa