Mtunza Ndiva Amesema

Same, 14 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi sina. Goti lako linasemaje na baridi hii?

Kundi la simu la Bombo lina ujumbe mia tatu tangu juzi, na kila mmoja una ukweli wake. Wa kwanza katuma video ya bwawa letu, ndiva yenyewe, ukuta una ufa. Wa pili anasema hilo ni bwawa la nchi nyingine. Wa tatu katuma maombi. Nimeitazama video hiyo mpaka macho yanauma, na bado sijui kama mawe yale ni yetu. Nyumba ya mdogo wangu Asteria iko chini kabisa ya ukuta, naye amejifungua juzijuzi tu. Wewe ndiye unayefungua na kufunga maji ya ndiva. Niandikie kwa mkono wako, umpe Omari kondakta. Kwenye simu sijui nani ni nani. Mwandiko wako naujua.

Mwanao,
Raheli

Bombo, 16 Aprili

Mwanangu Raheli,

Marahaba. Hatujambo, goti nalo linalalamika kama mwenye nalo. Leo ni siku ya tisa mvua haijakatika. Asteria na kichanga chake walihamia kanisani kule juu pamoja na majirani, wakalala kwenye mabenchi, mtoto akaanza kukohoa. Nikasema basi. Ukuta ni mzima, haujatoa hata jasho. Nimewarudisha nyumbani, wanaota moto. Na wewe punguza hiyo simu, itakumaliza macho ubaki kumtafuta mchumba kwa kupapasa.

Baba yako,
Tumainieli

Same, 17 Aprili

Shikamoo Baba,

Natumaini kikohozi cha mtoto kimepungua. Barua yako nimeisoma pale pale stendi, nikalia mbele ya Omari bila aibu. Maneno yako nimeyaweka kwenye kundi neno kwa neno, nikaandika kwamba mtunza ndiva mwenyewe amesema. Watu wameshukuru sana. Familia zote zilizokuwa kanisani zimerudi makwao, na ujumbe umeshafika mpaka Hedaru. Leo nitalala.

Mwanao,
Raheli

Bombo, 19 Aprili

Raheli mwanangu,

Tuko hai. Salamu nyingine zisubiri.

Nilikudanganya, ingawa mwenyewe sikujua. Tangu Pasaka goti halijanifikisha kwenye ndiva, nikaona haya kusema, mtu niliyeshika kazi hii miaka thelathini. Kwamba ukuta ni mzima nilisomewa na Asteria kwenye kundi hilo hilo. Kaandika mtu ambaye picha yake ina kofia ya fundi. Nikaongeza hilo jasho la kwangu, nikakuandikia. Juzi Asteria akanisomea ujumbe mpya: mtaalamu wa maji amethibitisha, ukuta haujatoa hata jasho. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kisha nikayatambua maneno yangu. Mimi nimelitegemea kundi, wewe umenitegemea mimi, kundi limekutegemea wewe. Hakuna aliyepanda kutazama.

Leo asubuhi nimepanda, kwa mikono na makalio. Chini ya ukuta maji yanatoka, na ni ya tope. Yangekuwa safi tungeziba. Yakiwa tope, ukuta unaliwa kwa ndani. Mlango wa kutolea maji umefukiwa na udongo, haufunguki. Nimegonga nyumba zote. Wananionyesha simu: "Mzee, mtunza ndiva amesema ni mzima." Mtunza ndiva ni mimi, nimesimama mlangoni kwao nimelowa! Mnara wa simu umezimika tangu jana, kwa hiyo ujumbe wa mwisho walio nao ni ule wako.

Asteria amejifungia kwa ndani. Ananiambia, "Tulihama, ukaturudisha, mtoto anakohoa. Baba, safari hii niache." Mwandikie wewe, anakusikiliza. Barabara imekatika, Omari atateremka kwa miguu. Naogopa, mwanangu.

Baba yako

Same, 21 Aprili

Shikamoo Baba,

Siulizi hali, naogopa jibu. Barua yako imenifikia leo saa nne, siku mbili tangu uiandike. Papo hapo nimeandika kwenye kundi kwamba nilikosea, watoke. Bombo haijafika. Walioko Same na Dar wananiuliza ushahidi uko wapi. Mmoja kaniita mchochezi, mwingine kanirudishia maneno yangu ya tarehe kumi na saba. Hapa stendi kuna anayesema ndiva ilishaondoka jana na nyumba sita, na kuna anayeapa kwamba kwenu jua linawaka. Siwaamini wote wawili.

Omari anapanda tena na barua hii, yeye ana miguu ya haraka. Mimi niko nyuma yake.

Asteria usimsomee. Atauliza nimejuaje, ataanza kupima amwamini nani, na baada ya tuliyomfanyia ana haki. Mwite jirani yetu Elinaza, avunje mlango. Amchukue mtoto akimbie naye kanisani. Asteria atamtukana njia nzima, lakini atamfuata.

Mwanao,
Raheli