Kikonyo Kibaki Shambani

Mjukuu wangu Nanzia,

Marahaba, mama. Huku Gonja tu wazima. Babu yako ameanza tena kwenda shambani, na ng'ombe wetu amezaa jike.

Umeniuliza kama kazi yako huko kwenye shirika la ndege ina maana, kwa sababu rafiki zako wanakucheka unavyopima vikombe na viti ili ndege iwe nyepesi, ichome mafuta kidogo na kutoa kidogo ule moshi unaovuruga mvua.

Nilipokuwa msichana, tulishusha ndizi sokoni kwa miguu. Wenzetu walibeba mkungu mzima kichwani kwa sababu unapendeza. Mama yangu alikata chane kulekule shambani, akazipanga kwenye tenga, na kikonyo, ule mti mzito wa katikati unaoshika chane, akakiacha kwenye shina la mgomba kioze. Walimcheka sana. Yeye alijibu tu, "Sokoni hakuna anayekula kikonyo. Mgomba ndio unaokitaka."

Kwenye miteremko tuliwakuta wameketi kando ya njia wakipumzika, sisi tukapita tukiongea. Na ndizi za migomba ile tunazila mpaka leo.

Mimi sijapanda ndege. Nilidhani wenye ndege hawana habari na sisi tunaosubiri mvua huku chini. Kumbe wapo wanaokaa na kupima hata kijiko. Nimewaheshimu.

Jana ndege ilipita juu ya mlima. Nilisimama na tenga langu kichwani, nikaitazama mpaka ikapotea, nikasema moyoni: hiyo nayo imeacha kikonyo nyumbani.

Ni mimi, bibi yako.