Kioo cha Idd

Uingereza,
14 Septemba 1958

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute mzima, wewe na Shangazi Sihaba na majirani wote. Mimi sijambo, ila baridi imeanza na mikono yangu inapasuka kama ya mpasua samaki. Macho yako je? Uliandika kwamba ukungu umezidi jicho la kushoto. Usipuuze, baba, nenda hospitali wakuangalie.

Nina habari mpya. Watoto wa Daktari niliokuja huku kuwalea wote sasa wanakwenda shule, kwa hiyo kazi ya uyaya imekwisha. Nilidhani watanirudisha Mwanza na, sitakuficha, nilianza hata kukunja nguo. Lakini Mama Daktari akasema katika chuo kikuu cha hapa wanatafuta wanawake wenye macho makali na subira. Nikapelekwa. Bwana mmoja akanikalisha mbele ya hadubini, akaweka kioo cha picha chini yake, akauliza naona nini. Nikamwambia kioo hiki kimesafishwa kwa haraka, pembe ya kulia dawa haikuenea. Akacheka, akataka kujua nimejifunza wapi. Nikasema kwa baba yangu mpiga picha, nilikuwa narekebisha vioo vyake kwa penseli tangu nina miaka tisa.

Basi nimeandikwa kazi. Kutwa natafuta nyota. Nikiiona nyota naipima, naandika mahali ilipo, naendelea. Siku ikiwa nzuri napata nyota sita.

Nimekukumbuka mno. Chumba chetu kinanukia dawa zile zile za chumba chako cha giza. Asubuhi ya kwanza nilisimama mlangoni, nikanusa kwanza kabla ya kuingia.

Mwanao,
Mwanaheri


Mwanza,
2 Novemba 1958

Mwanangu Mwanaheri,

Marahaba, marahaba sana. Barua nimeipata na nimeisoma mwenyewe, nimekaa karibu na dirisha. Sisi wazima. Mvua zimeanza, na sato wamekuwa wengi mpaka paka wa sokoni wanachagua.

Sasa hilo la nyota. Nilifanya kosa la kumsomea Shangazi yako. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kwamba binti wa Mbaruku mpiga picha amekuwa mpiga ramli kwa Wazungu. Imamu naye amefupisha salamu yake. Na wateja wamezidi, ndiyo balaa yenyewe. Mayala wa Kisesa, yule aliyepiga picha na baiskeli mpya alipouza pamba, alikuja jana. Hakutaka picha. Anataka umtazamie nyota yake, maana ng'ombe wake wawili wamekufa na mkewe amerudi kwao. Nilimwambia sisi hatufanyi kazi hiyo. Akasema, "Ngoja, mzee, bado hujafikiri," akaniachia kuku. Shangazi yako amekwisha kumchinja, kwa hiyo unipe la kumjibu.

Mwanangu, sikukulea hivyo. Nyota gani hizo zinazotafutwa mchana, ndani ya nyumba, juu ya kioo? Nieleze vizuri nipate usingizi.

Baba yako,
Mbaruku Salehe


Uingereza,
10 Januari 1959

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakuombea nawe uwe hivyo. Barua yako ilinichekesha mpaka wenzangu wakadhani nalia, na mwisho nikalia kweli, maana nilikisikia kicheko cha Shangazi.

Mwambie Imamu hakuna ramli. Kila kitu, hata yale mawe ya bandarini, kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na kila chembe ina kiini katikati yake. Hapa wana mashine yenye sumaku kubwa kama nyumba yetu. Inazungusha viini vizito mpaka vinapata mwendo usiosemeka, kisha vinaachiwa vikapige kioo. Kioo chenyewe ni ndugu wa kioo chako, ila dawa yake imepakwa nene zaidi. Wewe unajua dawa ile ina fedha ndani. Kiini kizito kikigongana na kiini cha fedha, vinavunjika, vipande vinaruka kila upande, na kila kipande kinaacha mstari. Kioo kikishasafishwa unaona kidoa, na mistari imechomoza pande zote. Hiyo ndiyo nyota yetu. Viini vyenyewe hakuna aliyewahi kuviona. Tunaona njia vilikopita tu, na kwa unene na urefu wa njia tunajua ni nini kilipita, kikitoka wapi kwenda wapi. Wanataka kujua kiini kimeshikana kwa namna gani, na hawajapata namna ya kukiuliza ila kukivunja.

Juzi tulipata hasara. Kasha la vioo vilivyokwisha kupigwa lilisahauliwa miezi mingi karibu na bomba la joto. Tulipovisafisha, mistari mingi ilikuwa imefifia, mingine haipo kabisa. Hakuna aliyewasha taa wala aliyefungua kasha. Bwana wetu wa kazi akatueleza kwamba picha iliyopigwa isiposafishwa hufifia yenyewe gizani, na joto huiharakisha. Nimeona nikuandikie, pengine litakufaa kazini.

Mayala mwambie akamfuate mkewe mwenyewe.

Binti yako anayekukumbuka,
Mwanaheri


Uingereza,
5 Julai 1959

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kama unaumwa, mwambie Shangazi amtafute mtu aniandikie. Kama nimekuudhi, nigombeze, lakini usininyamazie. Kila nikirudi nyumbani natazama mezani kwanza kabla sijavua koti.

Mwanao,
Mwanaheri


Mwanza,
30 Agosti 1959

Mwanangu,

Marahaba. Usihangaike, mimi nipo. Mistari ikipanda na kushuka unisamehe, jicho la kushoto limefunga na la kulia linalifuata. Hujaniudhi. Nimenyamaza kwa sababu ya yale uliyoandika juu ya vioo vinavyofifia. Barua hii naiandika mwenyewe hata kama itanichukua wiki, maana maneno yake si ya kumpa mtu mwingine kalamu.

Tangu utoto wako umekuwa ukiuliza kwa nini nyumba ya mpiga picha haina picha ya mama yako. Nilikujibu kwamba wakati wa vita vya Hitla vioo havikupatikana. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa nacho kimoja.

Ilikuwa Idd ya mwaka 1942. Mama yako Moza alitaka kuvuka ziwa kwenda Busisi kumwona mama yake, nami nikamkatalia, maana Idd ndiyo siku ya kazi yangu. Tukagombana tangu alfajiri. Kumtuliza nikamwambia, vaa kanga zako mpya, nitakupiga picha kwa kioo changu cha mwisho. Akakubali, lakini hakuchangamka. Nikamsimamisha uani. Kamera ile ilitaka mtu asimame kimya mpaka nihesabu nne, na macho yangu yalikuwa kwenye saa. Nilipoinua kichwa nikakuta ameugeuza uso pembeni. Nikajua amenifanyia makusudi. Nikamfokea, "Umeniharibia kioo!" Akaingia ndani.

Siku tisa baadaye homa ikamchukua. Katika siku hizo tisa tulisemezana mambo ya unga na maji tu. Wewe ulikuwa na miaka minne.

Kioo kile sijakisafisha. Kimo katika karatasi yake nyeusi, ndani ya bati la biskuti, mvunguni mwa kitanda changu. Nimesafisha sura za watu wa ziwa zima, hiyo moja nimeiogopa. Sikutaka uso wa mwisho wa mke wangu uwe ule alionigeuzia. Na nilijidanganya kwamba madhali sijakigusa, yeye bado yumo. Sasa wewe unaniambia alikuwa akiondoka kidogo kidogo, nami nimemlalia juu.

Baba yako


Uingereza,
11 Oktoba 1959

Baba,

Shikamoo.

Barua hii nimeichana mara mbili. Nina miaka ishirini na moja na sijui uso wa mama yangu. Nikiwa mdogo nilikuwa natazama wanawake wanaokuja studio kupigwa picha, nachagua mmoja, najiambia pengine alifanana na huyu. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia, unajua bati lilipo. Nimekasirika, baba, na sitakuficha.

Lakini kioo hakingoji hasira yangu iishe. Usikitume kabla hujakisafisha, maana forodhani watafungua bati na mwanga utakimaliza. Kisafishe wewe. Dawa iwe mpya, iwe baridi. Omba barafu kiwanda cha soda. Iache ifanye kazi polepole, mara tatu ya muda wako wa kawaida. Macho usiyahofu. Gizani hakuna anayeona, na mikono yako inaijua kazi hiyo kuliko watu wote niliokutana nao huku.

Tafadhali, baba.

Mwanaheri


Mwanza,
17 Septemba 1961

Kwa mwanangu mpenzi Mwanaheri,

Marahaba kwa salamu zako zote ambazo sikuzijibu. Anayeandika ni Mwalimu Paskazia, jirani yetu mpya, maana mimi sasa natofautisha mchana na usiku basi. Afya nyingine ninayo. Nashukuru uliendelea kuniandikia habari za kazi yako ingawa mimi nilikuwa kimya. Paskazia ananisomea, na za mashine ile ananisomea mara mbili.

Shangazi yako Sihaba ametutoka, mwezi wa saba. Tumemzika vizuri, na Imamu aliusifu ulimi wa marehemu, jambo lililowachekesha watu makaburini. Siku ya hitima nikiwa nimekaa mkekani nikatambua kwamba nimebaki mimi peke yangu mjini hapa ninayeujua uso wa Moza, na mimi ndiye huyu, sioni hata kikombe changu.

Kesho yake nikaomba barafu. Nikaingia chumba cha giza, nikafunga mlango kwa mazoea. Nikakilaza kioo ndani ya dawa baridi. Nikahesabu kama ulivyosema, mara tatu. Nilipomaliza nikakaa chini na kioo kimelowa magotini, nikasubiri kikauke. Sikuwa na haraka tena.

Paskazia amekiona. Nimemkataza asinieleze chochote, nataka nisikie kwako. Nakuletea ndani ya bati lile lile, kimefungwa katika kanga aliyoivaa siku ile. Kitazame kwa hadubini yenu. Kama uso wake una hasira, sema hivyo hivyo, usinipambe. Nimeshakuwa mzee wa kuambiwa.

Baba yako,
Mbaruku Salehe


Uingereza,
12 Novemba 1961

Baba yangu,

Shikamoo. Na poleni kwa Shangazi. Nimeilia barua, halafu nikacheka hapo kwa Imamu.

Kioo kimefika salama. Kanga nimelala nayo. Ina harufu ya bati na biskuti, harufu yake mwenyewe imekwisha, lakini nimelala nayo.

Siku ya kwanza sikuona kitu ila kijivu kila mahali. Siku ya pili nikakilaza kioo kama tunavyolaza vioo vyetu, nikapunguza mwanga, nikaanza pembeni kwenda katikati, mstari kwa mstari. Nilifanya hivyo jioni sita baada ya kazi. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kanga zinaonekana, na shingo, na sikio moja lenye kipuli. Uso hauonekani, baba. Aligeuka wakati unahesabu, na uso umekuwa njia tu, weupe uliovutwa kutoka kwenye kamera kwenda kushoto na chini. Hasira siwezi kukuambia kama ilikuwepo au haikuwepo, macho yake hayapo wala mdomo. Nimesikitika kuliko ninavyoweza kuandika. Nilitaka kumwona.

Lakini kazi yangu ya miaka hii mitatu ni kusoma njia ya kitu kilichokwisha pita. Nikaifuata. Chini kushoto, ukingoni mwa kioo, mahali ambapo ungekata kwa mkasi wakati wa kuchapa, kuna mkono. Mkono mdogo, vidole vitano, umeshika pindo la kanga na kuivuta mpaka imekunjamana. Mkono haukutikisika kabisa, kila kidole kinahesabika. Kwenye kifundo kuna uzi wenye shanga moja kubwa. Uzi huo ninao hata leo, alinifunga bibi wa Busisi nilipozaliwa.

Ni mimi, baba. Wewe ulikuwa unatazama saa, na ulipoinua kichwa uliona uso wake tu. Mimi nilimvuta, yeye akainama kunitazama. Hakukugeuzia uso.

Kwa nini hakukueleza ulipomfokea, hilo kioo hakisemi. Nadhani alijua ungenichapa.

Nimeaga kazini. Bwana wetu amesikitika, akasema macho kama haya hawapati kila siku, nami nikamwambia yanahitajika kwetu. Treni ya Kisumu itanifikisha mwisho wa Januari, kisha meli.

Mwanao,
Mwanaheri


Mwanza,
15 Desemba 1961

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima.

Nimemwomba Paskazia anisomee pale pa mkono mara nne. Sasa anakiri kwamba aliuona tangu siku ile, akafunga mdomo kwa sababu nilimkataza. Namlaumu na namshukuru.

Juma lililopita tumepata Uhuru. Mji mzima ulitaka picha, watu wamesimama foleni mpaka barabarani na nguo mpya, nami nimekaa mlangoni nawasikiliza. Mayala amekuja na mkewe, alimfuata kweli. Wote waliondoka bila picha. Nimewaambia warudi mwezi wa pili.

Miaka kumi na tisa, Mwanaheri. Nilidhani alinikasirikia, kumbe alikuwa anakutazama wewe. Angalau mmoja wetu alikuwa anatazama panapostahili.

Kamera ile ya zamani bado ipo, nimeifuta vumbi. Ukifika nitakusimamisha uani pale pale. Utanieleza jua liko upande gani, mimi nitahesabu mpaka nne. Na ukitaka kutikisika, tikisika.

Baba yako anayekungoja