Hendeli Chini ya Mto

Tarehe 3 Februari

Mjukuu wangu, Bi. Mdogo,

Pokea salamu za babu yako. Mimi mzima isipokuwa goti, na goti hili la siku nyingi, tumeshazoeana. Wewe je, unakula? Mama yako anasema umekonda. Yeye humwambia hivyo kila mtu, hata polisi, ndiyo maana nauliza.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Simu sitaki, simu ina masikio ya watu. Bahasha nimeibandika kwa gundi na juu nimezungushia uzi. Ukikuta uzi umekatika, ujue imesomwa.

Mama yako kaniambia habari ambayo haijanikaa vizuri. Ati kuna Profesa kabuni darubini isiyopata kuonekana, na kuna watu wenye mfuko wao wanatoa hela ili itolewe chumbani kwake, iletwe kwenye maabara yenu ya pamoja, kila mtu aitumie. Na wewe ndiye utakayeitunza.

Sasa nikuulize. Mtu atengeneze kitu kwa akili yake, halafu akitoe? Na huyo mwenye hela hakopeshi, hanunui, hauzi, anapata nini? Mimi nimesimamia mashine ya kusaga ya ushirika tangu mama yako hajaota meno. Sijatapeliwa, na waliojaribu ni wengi, wengine wamevaa tai. Siri yangu unaijua. Mashine ni ya wote, lakini hendeli ya kuiwashia naichomoa kila jioni, nalala nayo chini ya mto. Walipotaka kunitoa wamweke shemeji wa katibu, walikwenda asubuhi wakaizunguka ile mashine kama kuku waliosahau mlango. Mwisho wakaja kupiga hodi kwangu, kwa adabu.

Basi niambie. Hendeli ya hiyo darubini atalala nayo nani?

Ni mimi babu yako, fundi wa mafundi.


Tarehe 19 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Barua imefika na uzi wake mzima. Mimi sijambo, nakula, wala sijakonda, ni gauni lililotanuka. Hilo goti lipake dawa niliyokuletea, usiwagawie majirani.

Babu, hakuna hila. Darubini tulizonazo, za kuonea vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, zina mwanga mkali. Ukiangalia kitu kilicho hai kwa muda, kinaungua. Kwa hiyo tunaangalia vilivyokufa, tunakisia vilivyo hai. Profesa amepata njia ya kuupitisha mwanga ubavuni, mwembamba kama karatasi, unapita ndani ya kitu bila kukiumiza. Nimeona moyo wa kifaranga cha samaki ukidunda, na baadaye nikamrudisha majini akaogelea zake.

Shida ni kwamba iko moja tu duniani, iko chumbani kwake, na wanaoigusa ni wanafunzi wake. Kuna mwalimu wa chuo kidogo anayechunguza kwa nini watoto wengine huzaliwa na tundu moyoni. Mama wa watu anakuja kwa basi, samaki wake kwenye ndoo yenye mfuniko, anaambiwa asubiri zamu ambayo haifiki.

Hao wa mfuko wanasema kitu kikibaki kwa aliyekibuni, akistaafu kinastaafu naye. Wanalipia kuihamisha, meza yake, mafunzo, na mshahara wangu wa mwaka mmoja. Mwisho wa Mei kamati yao itakuja. Wakikuta mgeni yeyote anaweza kuketi na kuitumia, darubini inabaki na mimi naajiriwa moja kwa moja. Wakikuta haifanyi kazi, inarudi ilikotoka, nami narudi kwenye kibarua cha kufundisha jioni.

Hendeli haina. Ina swichi.

Mjukuu wako.


Tarehe 6 Machi

Bi. Mdogo,

Salamu. Goti limepata nafuu. Majirani sikuwagawia, nimewaonyesha tu chupa.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaikunjua nikasoma tena. Mshahara wa mwaka mmoja, na kazi ni kufundisha wengine. Hebu yaseme maneno hayo polepole. Unalipwa uwafundishe watu kutokukuhitaji. Siku wote wakijua, wewe wa nini?

Na usinidanganye kuhusu swichi. Kila mashine ina hendeli, hata ikiitwa jina jingine. Kuna kitu kimoja kidogo ambacho bila hicho vilivyobaki vyote ni chuma. Kitafute ukishike.

Mimi nakuja kuiona. Usimwambie Profesa, nataka nimkute alivyo. Halafu ana mke huyo? Nauliza kwa kuwa mchumba wako wa kwanza ni mimi, na sijajiuzulu.

Babu yako.


Tarehe 14 Aprili

Bi. Mdogo,

Nimefika salama, goti na mwenyewe. Asante kwa kitanda na kwa chakula. Ni kweli unakula.

Sasa nikupe ripoti. Chumba chenu baridi kama cha kuhifadhia maiti, mapazia meusi, na meza inaelea juu ya hewa. Nimeisukuma kwa kidole ikarudi yenyewe. Wewe unasema ni kuzuia mtikisiko wa magari. Mimi nasema meza isiyotaka kukaa sakafuni ina lake jambo.

Profesa kanivutia kiti, kaniuliza habari za mashine yangu kwa urefu, kacheka kabla sijasema la kuchekesha. Mtu anayecheka na mzee asiyemjua anataka kitu. Ulipomuuliza lini atakukabidhi kila kitu, alisema, "Taratibu, mwanangu, taratibu." Wewe hukulisikia hilo, mimi nimelisikia. Halafu akafungua ubavu wa darubini, akachomoa kile kioo kidogo kama kucha, kwenye pete yake ya chuma, akakipangusa kwa kitambaa na kukirudisha, akasema bila hiki hakuna kitu. Alikuwa anakwambia wewe, lakini alikuwa ananijibu mimi.

Moyo wa samaki nimeuona. Ulikuwa unadunda. Sawa.

Samahani niliwaacha kwenye chai nikarudi ndani kufuata kofia yangu. Uzee.

Kuhusu kazi yako, toa hofu. Imelindwa. Siku wakija kukwambia asante na kwaheri, niandikie kwanza kabla hujalia.

Babu yako, asiyelala.


Tarehe 26 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili tu.

Jumatatu baada ya wewe kuondoka tuliwasha darubini, ikatuonyesha giza. Tukafungua ubavuni. Kile kioo hakipo, hakipo na pete yake. Nimepekua sakafu nzima, nimepekua mpaka ndani ya mashine ya kufyonzea vumbi. Profesa alikichonga mwenyewe, na kuchonga kingine ni kazi ya miezi. Kamati inakuja mwisho wa Mei.

Nimefanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nimekwenda kwa mkuu wa maabara nikamwambia kwamba Profesa hataki kuiachia darubini, na kwamba hakuna mwingine aliyejua thamani ya kile kioo. Nilikumbuka ulivyosema, taratibu, taratibu. Mkuu akamzuia asiingie mpaka uchunguzi uishe. Profesa hakubisha. Alitoa ufunguo wake akauweka mezani mbele yangu, akavaa koti, akaondoka.

Mwalimu wa ndoo alikuja siku hiyohiyo. Nilimrudishia mlangoni. Akaniuliza, "Na leo tena?" Maji ya ndoo yalikuwa yamemmwagikia viatu.

Usiku sipati usingizi. Naona kila mtu ana mfuko.

Mjukuu wako.


Tarehe 3 Mei

Bi. Mdogo,

Pole na uchovu. Mimi sijambo.

Umefanya vema kumfumbua macho huyo mkuu. Ila usipekue tena, unajichosha bure. La muhimu ni kwamba sasa wote wameona bila kioo kile hawana kitu. Huu ndio wakati wako. Nenda kwa mkuu, simama wima, mwambie barua ya ajira kwanza, yenye mhuri, halafu kioo kitatafutwa kwa moyo. Kitapatikana tu. Kitu kilichofungwa kwenye soksi safi ya sufu hakipati hata mkwaruzo.

Mimi enzi zangu nilingoja siku nzima wakapiga hodi. Wewe unaweza kungoja mwezi.

Babu yako, anayekuona kutoka mbali.


Tarehe 9 Mei

Babu,

Soksi gani?

Sijamwambia mtu. Nimeshinda na barua yako mfukoni, kila anayepita namwona kama anaijua. Uliporudi kufuata kofia, kofia ulikuwa umeivaa. Nimelikumbuka hilo leo, nikiwa nasaga meno.

Wiki ijayo Profesa anaitwa mbele ya baraza la nidhamu kujibu shitaka langu. Shitaka langu, babu. Nimelitia sahihi.

Nimemuuliza mama kwa nini mashine ya kusaga imesimama siku hizi, maana wewe husema watu wameisusa kwa wivu. Mama anasema haikususwa. Anasema mwaka ule ulipolazwa, hakuna aliyeweza kuiwasha, na hendeli ulikuwa nayo wodini, chini ya mto wa hospitali. Walikuja kukuangalia, ukawaambia hujui ilipo. Wakapeleka nafaka zao kwingine, wakazoea.

Nitumie kioo. Sitaandika tena mpaka kifike.

Mjukuu wako.


Tarehe 13 Mei

Mjukuu wangu,

Mama yako anasema sana.

Kioo hiki hapa. Kimo kwenye soksi, soksi imo kwenye kopo la majani ya chai, na kopo nimemkabidhi dereva wa basi, nimemwambia ni dawa ya macho. Sikukigusa kwa vidole. Nilikishika kwa kitambaa kama alivyofanya mwenyewe, maana mimi si mtu wa kushika vitu ovyo.

Wakiuliza, sema ni babu. Jina langu liandike kwa herufi kubwa, nawe kaa mbali na jambo hilo. Wakitaka kunikamata waje, ila waje na gari lenye nafasi, goti langu halikunji.

Sikukichukua kukiuza. Nilikichukua kwa sababu watu wakishakuwa na kila kitu mkononi hawamkumbuki aliyewafundisha. Hilo nalijua kuliko Profesa. Wewe ulikuwa unawapa bila kubakiza kitu, unacheka, nikaona nikubakizie mimi.

Uzi sikuweka safari hii. Anayetaka kusoma na asome.

Babu yako.


Tarehe 2 Juni

Babu,

Shikamoo. Goti linasemaje?

Nilichelewa kuandika kwa kuwa nilitaka kwanza yaishe. Kopo lilipofika sikulipeleka kwa mkuu kimyakimya. Nilikwenda nalo barazani, Profesa akiwa ameketi upande wa pili. Nikasema nilivyomsingizia, nikasema aliyekichukua kioo ni nani, nikamkabidhi Profesa soksi.

Aliishika muda mrefu. Akauliza, "Ni yule mzee wa mashine ya kusaga?" Nikajibu ndiye. Akaomba afike nyumbani kwake mara moja. Alirudi jasho likimtoka, ana kiboksi. Ndani mlikuwa na kioo cha pili, pacha wa kile. Alikuwa nacho nyumbani tangu siku darubini ilipohamishwa.

Mkuu akamuuliza, "Uliacha tuhangaike mwezi mzima?"

Akasema, "Nilikuwa nangoja mje kuniomba."

Hawakukamati, babu. Profesa amekataa kukushitaki, anasema ikiwa hivyo mtakaa kizimba kimoja na hataki kusikiliza habari za mashine ya kusaga tena.

Kamati ilikuja. Aliyeketi ni mwalimu wa ndoo. Mimi nilisimama nyuma yake mikono mgongoni, nikijizuia kumsaidia. Alikosea, akarudia, kisha moyo ukatokea kwenye skrini, ukidunda, akasahau kwamba tupo. Darubini imebaki.

Kuhusu mimi, mkuu amesema aliyemsingizia mwenzake hawezi kuajiriwa moja kwa moja mwaka huohuo. Nimalize mkataba, kisha wataangalia. Sikubishana naye.

Vioo vyote viwili viko kwenye droo ya kwanza ya mezani. Haina kufuli. Nimekutumia picha ya ule moyo, ipo nyuma ya karatasi hii.

Mjukuu wako.


Tarehe 11 Juni

Mjukuu wangu, Bi. Mdogo,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti nalo limetulia.

Picha nimeibandika ukutani. Wageni nawaambia ni moyo wangu, wanaamini.

Huyo Profesa, kama alikuwa na cha pili, cha tatu kipo. Angalieni mifuko ya lile koti. Nilisema tangu mwanzo anacheka mno, na naomba ikumbukwe kwamba nilisema.

Kuhusu ajira yako sitii neno. Nimeshatia ya kutosha.

Hapa jirani yuko mwanamke fundi baiskeli, yule mwenye sauti nzito. Nimempa hendeli. Kumpa siyo kabisa, nimemwazima. Nimemwonyesha anavyosimama, anavyovuta, na gumba lake aliweke wapi lisije likavunjwa. Ana mikono mizuri, ingawa si kama yangu.

Leo alfajiri nimeisikia mashine inawashwa, nami nimelala. Mara ya kwanza aliikosea, ikakohoa ikazima. Nikaketi kitandani, mguu mmoja umeshafika chini. Akarudia, ikashika. Nikaurudisha mguu.

Ila huu mto umekuwa laini kupita kiasi. Shingo inaniuma tangu jana.

Babu yako.