Kwa Nini Mponda Alirudi Mstarini

Alhamisi, jioni. Mvua zimekwisha, mpunga umeiva, Ifakara yote inanuka majani makavu. Leo moyo wangu ni mwepesi kupita kiasi, kama wa mtu aliyeamka na kukuta homa imemwacha. Sijui kama niuamini.

Kesho tunapiga picha za mwisho za filamu yetu kule Namawala, maana mwenye shamba anavuna Jumamosi na hatatungoja. Ni filamu ndogo, ya watu kumi na simu mbili, niliyoiandika mwenyewe huku nikishona sare za shule. Inahusu enzi za Mjerumani, msimu wa mwisho kabla vita vya Maji Maji havijafika bondeni kwetu. Ila si filamu ya vita. Ni ya wapweke wawili.

Mmoja anaitwa Sikujua, mjane anayelinda mpunga. Anashinda juu ya dungu, kile kijumba cha miti tunachokijenga shambani, akifukuza ndege. Ng'ambo ya kijito kuna dungu la Mponda. Hawajawahi kuonana kwa karibu. Siku moja Sikujua anawapigia ndege kelele: "Tokeni! Mimi leo nimekula mlenda bila chumvi, na nyie mnataka mpunga wangu?" Kesho yake Mponda anawafokea ndege wa kwake: "Ondokeni! Na chumvi niliyoiweka kwenye kisiki cha mvukoni msiiguse, ina mwenyewe!" Hivyo ndivyo wanavyochumbiana, kupitia ndege, msimu mzima.

Halafu anakuja mganga na ile dawa ya maji. Mponda anakwenda kunyunyiziwa kichwani. Na dawa ina mwiko: aliyeipokea asimguse mwanamke mpaka vita viishe.

Hapo nilikwama wiki tatu nzima. Mtu ameshampata mwenzake, kwa mganga anakwenda kutafuta nini?

Mwalimu Longino, mwongozaji wetu, alifundisha historia miaka mingi, na jibu alikuwa nalo tayari: viboko vya akida wa Mjerumani. Hasira. Basi nikaandika hasira, kurasa nne nzuri tu, lakini kila Baba Anjela alipozitamka zilisikika kama tangazo la kukatika kwa maji.

Baba Anjela ndiye Mponda wetu. Anauza samaki sokoni, mkewe alifariki miaka sita iliyopita, na kichwa chake ni kipara cha kujitazamia. Jumapili anahamia Kidatu kwa binti yake, moja kwa moja. Leo asubuhi alisimama katikati ya mazoezi, akagoma.

"Dada Skola, unisamehe. Huyu mtu hakwenda kwa hasira. Alikwenda kushikwa kichwa."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Tangu Mama Anjela afariki, anayenigusa ni kinyozi tu. Kila Jumamosi naenda, nakaa kwenye kiti. Sasa nitazameni vizuri. Nina nywele mimi?"

Mwalimu Longino akauliza taratibu, "Kwa hiyo Mponda akishanyunyiziwa anafanyaje?"

"Anarudi nyuma ya mstari. Apite tena."

Hapo hakuna aliyecheka. Wengi walikwenda kwa uchungu wa viboko, hilo silifuti wala sina haki ya kulifuta. Lakini katika mstari mrefu vile, nani anajua, huenda alikuwepo mmoja ambaye hakuwa ameguswa na mtu tangu mavuno ya mwaka juzi.

Tukaijaribu. Anayeigiza mganga alikuwa amekwenda msibani Chita, kwa hiyo Mwalimu akanikabidhi mimi kibuyu cha dawa. Baba Anjela akaja, akainamisha kichwa. Nikamnyunyizia, nikaweka kiganja utosini, kama nilivyoandika. Akaenda zake. Akazunguka, akaja tena, safari hii macho ameyafumba kabisa.

Mkono wangu haukutoka.

Nasema ukweli, sikuigiza. Ngozi yake ilikuwa ya moto kwa jua, na maji yalipita katikati ya vidole vyangu yakashuka shingoni mwake. Nilisikia ndege, kisha sikuwasikia.

Ndipo nikamwelewa Sikujua. Siku zote nilimwandika kama mwanamke jasiri anayesubiri. Ujasiri gani? Anampenda mtu wa ng'ambo kwa sababu mtu wa ng'ambo hawezi kukukataa ana kwa ana. Kile kijito nilimwekea mimi. Nina miaka arobaini na mitatu, na katika maisha yangu nimejichimbia vijito vingi tu, kisha nikalalamika kwamba hakuna anayevuka.

Kwa hiyo mchana nimeandika upya tukio la mwisho. Sikujua anashuka, anavuka, maji yanamfika kiunoni. Anasimama mbele ya Mponda bila kumgusa, kwa heshima ya mwiko wake, na kumwambia: "Kumbe ulikuwa unataka mkono. Mbona mimi ninayo miwili?" Mponda anamtazama, kisha anainamisha kichwa polepole. Filamu inaishia hapo. Mwalimu amesoma, akavua miwani, akasema sawa.

Lakini asubuhi ile ile ya mazoezi, tulipokuwa tunafungasha vitu, Baba Anjela alinikumbusha kwamba Jumapili anaondoka. Alisema kisha akabaki amesimama, kana kwamba hakuwa amemaliza. Nikamjibu, "Safari njema."

Safari njema! Mimi, ninayewaandikia wenzangu maneno.

Nimetembea na aibu hiyo mpaka jioni hii. Kisha nimechukua simu. Nilianza na shikamoo, nikaifuta, maana shikamoo ingenirudisha palepale. Nikaandika: "Baba Anjela, usihamie Kidatu. Nataka ubaki hapa, karibu na mimi." Nikautuma ujumbe kabla sijapata akili ya kuacha.

Ameusoma. Hajajibu.

Akikataa, kesho hiyo hiyo itanibidi nisimame mbele yake na kibuyu, watu wote wakitutazama, maana mganga wetu hajarudi kutoka msibani. Kwenye simu kuna mahali pa kubonyeza ujumbe ukafutika, na nimepatazama mara nyingi tangu nianze kuandika haya.

Sijabonyeza.